Kiko cha babu na mtoto aliyetumwa moto

Mama mmoja wa Kibondo alinitumia ujumbe mwezi uliopita. Anaishi na mama mkwe wake, bibi wa umri mkubwa, ambaye kila jioni huwasha kiko chake akiwa amempakata mjukuu wa miezi minane. Aliniuliza, "Dada, nimwambieje mama yule asione nimemkosea adabu?"

Niliusoma ujumbe nikauacha. Wiki ikapita, na ya pili ikapita. Haikuwa dharau. Jambo lenyewe lilikuwa ndani ya nyumba yangu, na nilikuwa sijalimaliza. Leo nalijibu, ila mama uniwie radhi, jibu langu limezunguka mpaka Marekani na kurudi.

Tunaishi Kabanga, hapa Kasulu, kwenye mji wa baba mkwe wangu. Mzee ni fundi seremala, na amevuta kiko tangu kabla mume wangu hajazaliwa. Kikombe cha kiko chake ni cha udongo uliochomwa, kazi ya mfinyanzi. Mrija huutengeneza mwenyewe. Huchagua kijiti kilichonyooka, hukikausha kivulini siku kadhaa, kisha hupasha spoki ya baiskeli motoni mpaka iwe nyekundu na kuipitisha katikati ya kijiti, polepole, anaitoa, anaipasha tena. Ukiharakisha kijiti hupasuka. Lazima kiwe kirefu, kwa sababu mrija mfupi huleta moshi wa moto unaochoma ulimi. Watoto wangu watatu wote wamekua wakiitazama kazi hiyo, na mimi pia hupenda kuitazama. Nalisema hili mapema ili msidhani ninaandika kama mtu anayekichukia kiko.

Miaka iliyopita mzee alitengeneza madawati katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Huko alipata rafiki, seremala mwenzake, Mkongo wa upande wa Fizi, naye mvuta kiko. Baadaye familia ya rafiki huyo ilihamishiwa Marekani, mji wa St. Louis katika jimbo la Missouri. Mwaka jana ndugu yake mmoja alikuja huku kusalimia, akaleta kifurushi kidogo chenye jina la mzee. Mzee alikifungua mbele yetu sote. Kilikuwa kiko. Akakigeuza, akakinusa, akakikwaruza kwa ukucha, halafu akacheka mpaka akafuta machozi.

"Hili si gunzi hili?"

Lilikuwa gunzi la mahindi kweli. Limekerezwa, limelainishwa na kupakwa rangi ya kung'aa, lakini gunzi. Kijana wangu wa kwanza, wa darasa la tano, akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo, "Kwani Marekani hawana miti?"

Nilimwambia nitatafuta, nikatafuta kwenye simu usiku ule, na nikajikuta nimesoma mpaka betri ikaisha. Karibu na St. Louis, kiasi cha kilomita 80 kuelekea magharibi, kuna mji mdogo uitwao Washington (si ule mkuu wenye Ikulu). Mwaka 1869 fundi mmoja wa kukereza mbao, Henry Tibbe, mhamiaji kutoka Uholanzi, alifuatwa na mkulima wa jirani aliyekuwa amejichongea kiko cha gunzi kwa kisu. Mkulima kilimpendeza, akamwomba Tibbe amkerezee vingine kwenye mashine yake. Tibbe akavikereza, akabakiza vichache akaviweka dukani, vikaisha. Akaendelea kutengeneza. Mwaka 1878 alipata hataza ya kujaza vishimo vya nje ya gunzi kwa plasta, aina ileile wanayofungia mfupa uliovunjika hospitali, kisha kupiga msasa mpaka gunzi linakuwa laini kama kikombe. Kufikia mwaka 1925 wilaya ile ilikuwa na kampuni kama kumi na mbili za viko vya gunzi. Leo imebaki ile ya Tibbe, Missouri Meerschaum, nayo bado inafanya kazi.

Mzee alinifanya nimsomee habari hii mara mbili. Kilichomgusa ni kwamba mahindi yao ni mbegu maalumu yenye gunzi nene, na magunzi hukaushwa kwa muda mrefu, hadi miaka miwili, kabla ya kutobolewa. "Miaka miwili," alisema, "na hapa mtu anakuletea mbao mbichi Jumatatu anataka kabati Ijumaa."

Wako na wengine huko Marekani wanaotengeneza kiko kimoja kimoja kwa mkono. Hao hutumia kinundu cha mzizi wa mti uitwao briari, unaotoka nchi za Mediterania. Fundi hutazama kwanza nyuzi za mti zinavyokwenda, ndipo ashike msumeno. Kiko cha fundi mwenye jina huuzwa mamia ya dola, wakati cha gunzi cha kawaida hakifiki dola 20. Mti huo wenyewe, kitaalamu Erica arborea, huota hata juu Kilimanjaro. Nilipomwambia mzee, aliuliza kama basi la Moshi bado linaondoka alfajiri. Alikuwa anatania, nadhani.

Na hilo neno Meerschaum ni la Kijerumani, maana yake povu la bahari. Ni jina la jiwe jeupe, laini, jepesi sana, ambalo Waturuki wamelichonga viko tangu zamani. Tibbe aliona gunzi lake linapoza moshi kama jiwe lile, akalitwaa jina. Lakini jiwe lenyewe halipo Uturuki tu. Lipo Amboseli, mpakani mwa Kenya na nchi yetu, na miaka ya 1950 na 1960 ilikuwapo kampuni Arusha, Tanganyika Meerschaum Corporation, iliyotengeneza viko vya jiwe hilo na kuviuza nje. Baadhi vilipigwa chapa ya tembo na jina la Kiswahili tupu: Kiko. Kwa hiyo huenda wapo wazee wa Kizungu waliovuta miaka mingi kiko cha Arusha bila kujua neno lile kwenye mrija lilimaanisha nini.

Mwanangu aliyapenda yote haya. Akataka picha. Nikamwonyesha, ni mimi niliyemwonyesha, picha ya Jenerali Douglas MacArthur wa Vita vya Pili vya Dunia, miwani myeusi usoni na kiko kikubwa cha gunzi mdomoni. Mtoto aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Nikadhani anajifunza historia.

Likizo ya Juni ilipofika, mahindi yalikuwa yamevunwa na tulikuwa tunapukuchua. Magunzi yamejaa uani. Yeye na binamu zake wawili walichagua yaliyo manene, wakayatoboa kwa msumari, wakachomeka vikonyo vya majani ya mpapai, maana kikonyo cha mpapai kina tundu tayari. Siku ya kwanza walijaza ndevu za mahindi. Niliona, nikacheka. Nilikuwa nimefanya hivyohivyo utotoni, na nadhani wengi mnaosoma hapa mlifanya.

Siku ya pili walichota tumbaku kwenye mfuko wa babu.

Nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa chini, uso umepauka, jasho linamtiririka kwenye hali ya hewa ya baridi ya Juni. Alitapika, akatapika tena. Aliposimama akayumba. Nilipomshika kifuani moyo ulikuwa unapiga kama wa ndege. Binamu zake wakasema ukweli haraka sana, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza malaria. Tulimpakia kwenye bodaboda mimi na yeye tukaenda zahanati.

Muuguzi alieleza kwa utulivu. Nikotini ni sumu. Mwili wa mtu mzima aliyezoea huistahimili, wa mtoto hauna mazoea hayo na ni mdogo. Kichefuchefu, kutapika, mate mengi, jasho, kizunguzungu na moyo kwenda mbio ndizo dalili zake. Alinionya pia juu ya ule utomvu mweusi unaobaki ndani ya mrija: una nikotini nyingi, na mtoto anayetambaa akiokota kiko akakinyonya anaweza kuumwa vibaya kuliko huyu. Likitokea hilo, usimlazimishe mtoto kutapika. Mtoe kilichomo mdomoni, umkimbize kituo cha afya, na uchukue kile alichokula ukawaonyeshe.

Kijana alipumzika pale saa kadhaa, rangi ikarudi. Ndipo nikaanza kumgombeza. Nikamwuliza nani kamfundisha. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, si ule wa kuigiza.

"Mama, si mimi ndiye huwa namwashia babu?"

Wazazi wenzangu, sikuwa na jibu. Kwa miaka mingi, jioni mzee akishakaa, mimi ndiye nilikuwa napaza sauti kutoka jikoni, "Mpelekee babu moto!" Mtoto anachukua kaa kwa koleo, analiweka juu ya tumbaku, na kwa kuwa kaa huanza kuzimika njiani, anavuta pafu mbili tatu ili lishike kabla hajamkabidhi babu. Ameanza kazi hiyo akiwa na miaka mitano. Nilikuwa nikiona ni heshima, mtoto kumhudumia babu yake, na ilikuwa heshima. Jenerali na picha yake nimemlaumu bure.

Nikarudi nyumbani na tatizo lile la mama wa Kibondo. Baba watoto nilipomweleza alisema, "Mzee ana umri gani wa kuanza kubadilishwa?" akatoka kwenda kuangalia mpira. Na kwa desturi ya huku, mkamwana hasimami mbele ya mkwewe kumwambia aache anachokifanya kwenye mji wake mwenyewe. Nikaenda kwa shangazi, dada yake mzee, ambaye ndiye pekee anayeweza kumkata kauli. Nilimweleza yote, pamoja na mpango wangu wa kumwomba mzee aache kabisa kuvuta. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Usimwambie aache. Mwambie mtoto aliumwa."

Maana mzee alikuwa hajui. Tulikuwa tumemficha ili asijisikie vibaya. Siku tatu nzima alikuwa anauliza mbona kijana haonekani, tunamjibu ana mafua.

Jumapili jioni shangazi alikuja. Tukakaa mkekani, mimi nyuma kidogo. Shangazi akaanza na habari za mashamba, akaingia za wagonjwa, akafika kwa mtoto. Alisema yote kwa sentensi nne. Mzee hakusema kitu. Alikiweka kiko chini. Baadaye akaita, "Njoo hapa mjukuu wangu." Kijana akaja, akapiga goti.

"Ni mimi niliyekufundisha?"

Mtoto akaangalia chini.

"Mimi nilikuwa mdogo kuliko wewe," mzee alisema, na sidhani alikuwa anazungumza na mtoto tena. "Bibi yangu alinituma moto. Kaa likizimika njiani nachapwa. Nikajifunza kulivuta lisizimike." Akanyamaza tena. Kisha akanigeukia mimi, jambo ambalo si kawaida yake. "Mwanangu, kuanzia leo moto nitaufuata mwenyewe."

Hakuacha kuvuta, nisiwadanganye. Lakini alinunua kiberiti kwa hela yake, akahamishia kiti chake chini ya mwembe, upande ambao upepo hupeleka moshi shambani. Tumbaku na viko vimeingia kwenye sanduku la vifaa lenye kufuli, na ufunguo uko kwenye mkanda wake. Lililonishangaza ni hili: magoti yake yana maumivu, na kuinuka kwenda mwembeni ni kazi. Zamani alikuwa anavuta mara tano au sita kwa siku kwa sababu moto ulikuwa unamfuata. Sasa ni mara mbili. Kumbe miguu ya mtoto ndiyo iliyokuwa inavuta zile nyingine.

Sasa mama wa Kibondo. Wewe una mtoto wa miezi minane, na kwake hatari si utomvu peke yake, ni moshi. Kichanga anayekaa kwenye moshi wa tumbaku huugua kwa urahisi zaidi nimonia, masikio na pumu. Mapafu yake bado yanakua, na hawezi kuinuka akatoka nje. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaokufa kila mwaka kwa sababu ya tumbaku, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuwa wavutaji, walikaa tu karibu na wavutaji.

Utaambiwa kiko si sigara, moshi wake hauendi mapafuni. Mimi niliambiwa. Ni kweli wavuta kiko wengi hawaumezi moshi, lakini mdomo hausalimiki. Mwaka 1795 daktari Mjerumani, Samuel Thomas von Soemmerring, aliandika kuwa saratani ya mdomo wa chini huwapata wavuta kiko. Ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 1964, ileile iliyoishtua dunia kuhusu sigara, ilikihusisha kiko na saratani ya midomo. Huko huko kwenye gunzi zuri. Na moshi asioumeza bibi unabaki chumbani, anaumeza mjukuu.

Kwa hiyo usimwombe bibi aache, si kwa kuanzia. Mtafute mtu wake, dada yake au rafiki yake wa kanisani au msikitini, yule ambaye maneno yake hayahesabiwi kuwa utovu wa adabu. Ombi liwe moja tu na dogo: mtoto asipakatwe kiko kikiwaka, na kiko kisiwashwe ndani. Akimaliza kuvuta, mpelekee maji ya kunawa na khanga nyingine ya kujifunga kabla ya kumpa mtoto. Ukimpelekea wewe mwenyewe kwa mikono miwili, ukamwambia, "Mama, mjukuu wako anakusubiri," sidhani atakasirika. Bibi anayempakata mjukuu kila jioni anampenda mjukuu.

Na kama una mkubwa wa kutumwa, asitumwe moto, wala asitumwe dukani kununua tumbaku. Sheria yetu ya udhibiti wa bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Ukimtuma mtoto unamtia muuza duka makosani, naye atauza tu kwa sababu anajua ni ya bibi.

Najua pia nasomwa na wazazi ambao ada ya mwaka huu imelipwa na tumbaku. Hapa Kasulu na huko Kibondo tunailima, na sitajifanya sijui. Kwenu nina neno moja: jani bichi lenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi, na mtoto anayevuna asubuhi huumwa vilevile kama alivyoumwa wangu, kutapika na kizunguzungu, bila kuvuta chochote. Wengi hudhani ni njaa. Mwacheni abaki na kazi nyingine.

Kile kiko cha Missouri mzee amekivuta mara moja, siku kilipofika, akasema kinanukia ugali wa kuungua. Kimelala sandukuni. Kijana wangu bado anakiulizia, ila siku hizi anauliza jinsi walivyokitengeneza: gunzi linashikwaje lisipasuke, plasta inakaa muda gani. Mzee hana mashine ya kukereza, lakini amempa kipande cha mbao laini na tupa kuukuu, na Jumamosi wanakaa wote kibandani, sanduku likiwa limefungwa. Mpaka sasa ametoka na kijiko kimoja kilichopinda, nacho ndicho tunachopakulia maharage.

Wiki iliyopita mzee aliniomba nimrekodie ujumbe wa sauti kwa rafiki yake wa St. Louis. Alimshukuru sana kwa gunzi, akamweleza kila kitu hadi ya zahanati, akamsalimia mkewe na watoto kwa majina. Nilipokuwa nataka kutuma akaniambia nisubiri, akausogelea tena mdomo wa simu: safari nyingine atume patasi.